Karatasi ya Bamvua

Zeyana binti Usi hakuzaliwa na kompyuta mapajani, na mtu akikwambia mambo hayo ni ya watoto wa mjini peke yao, mlete kwangu tuzungumze. Kazaliwa Matemwe, kakulia Matemwe, na tangu yu msichana wa miaka kumi na mbili alikuwa akishuka pwani na mama yake, Bi Mwatum, kupanda mwani. Akaolewa Nungwi, akaachika, akarudi kwao na begi moja, akazishika kamba zake pale pale alipoziacha. Miaka ishirini kainama ndani ya maji ya chumvi, mpaka mgongo ukamkataa kabisa na daktari akamwambia akiendelea hivyo atakuja kutambaa. Ndipo alipohamia mjini, Michenzani, kwa shangazi yake mwenye fleti ya ghorofa ya tatu. Alfajiri anakaanga sambusa za kuuza, mchana kutwa anatazama ukuta.

Shangazi ndiye aliyemsukuma. "Kuna darasa la kompyuta Mji Mkongwe, wanachukua watu wazima. Nenda! Au utakaa hapa mpaka uote ukungu?" Basi akaenda, na buibui lake, na daftari lake la mistari.

Sasa, watu wakisikia neno "algoriti" hutoa macho kana kwamba wametajiwa jini. Jini gani? Mwalimu Abdulwahid, mtu mwembamba wa miwani na maneno mengi, siku ya kwanza hakuwasha hata mashine moja. Alisimama mbele yao na kikoi mkononi. "Hii kompyuta," akasema, "haina akili hata ya kuku. Ina utiifu tu. Leo mimi ndiye kompyuta. Nadir, nielekeze nivae kikoi."

Nadir, mwanafunzi aliyekuwa na jawabu la kila kitu, akasema, "Rahisi! Kishike kwa mikono miwili, kizungushe kiunoni." Mwalimu akakizungusha. Akakizungusha tena. Kikoi kikaisha, mikono ikaendelea kuzunguka kiuno bila kikoi, naye anaendelea tu, uso mkavu, mpaka darasa zima likaangua kicheko. "Mwalimu, mbona huachi?" "Hukuniambia niache," akajibu Mwalimu, na mikono ingali inazunguka.

Hiyo ndiyo algoriti, akawaambia alipopumzika: hatua moja baada ya nyingine, zenye mwanzo na zenye mwisho, ambazo mtu asiyejua chochote akizifuata atafika. Na ukitaka mtu azione kwa macho, unazichora. Umbo la yai ni mwanzo na mwisho. Kisanduku kilichoegemea upande ni ingizo, yaani kile unachoulizwa ukajibu, au tokeo, yaani kile unachopewa. Kisanduku kilichonyooka ni kazi ya kufanya. Na lile umbo la pembe nne lililosimama kwa pembe moja ni swali, nalo halina majibu ila mawili, ndiyo au siyo. Zeyana aliliangalia lile umbo ubaoni akasema polepole, "Kashata hiyo." Tangu siku ile darasa zima likaliita kashata, na Mwalimu naye akashindwa kuliita jina jingine.

Lo, somo lile lilivyomwingia! Hata yeye alishangaa. Akawa akipanda ngazi za Michenzani anachora kichwani: je, mlango umefungwa? Ndiyo, gonga. Siyo, ingia. Shangazi akamwambia usije ukaniuliza na mimi kwa kashata. Kwa mara ya kwanza tangu mgongo umwangushe, Zeyana alijiona mtu mwenye kazi yake.

Likaja zoezi kubwa. Kila mmoja achague kazi ya kwao, aichore mwanzo mpaka mwisho. Wenzake wakachora kupika, kufua, kufunga duka. Zeyana akachora bahari.

Sikiliza vizuri hapa. Mashamba ya mwani ya Matemwe yako mbali, ndani kabisa, karibu na mwamba. Kati ya mashamba na pwani kuna mkondo, na mkondo huo maji yakipwa unauvuka yakiwa ya magoti. Lakini maji yakianza kurudi, yanaingia kwenye mkondo kwanza. Mtu aliyeinama shambani anaona maji ya kifundo cha mguu, anaona bado mapema, kumbe nyuma yake njia imeshafungwa. Na wanawake wale, wengi wao hawajui kuogelea hata hatua mbili. Miaka yote aliyekuwa akiwatoa ni Bi Mwatum. Akinyanyuka, akasema "Haya, tokeni," hakuna aliyebishana, wanatoka wote. Ila Bi Mwatum alikuwa keshavuka sitini na tano, macho yana ukungu, na Zeyana hakai tena kule. Kila akilala alikuwa na swali moja: siku mama asiposhuka, nani atawatoa?

Alikwenda kwao Ijumaa, akakaa barazani na daftari. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgongo?"

"Alhamdulillahi. Mama, nataka unambie. Mwezi kumi na tano maji yanaanza kurudi saa ngapi? Na kumi na sita? Na kumi na saba?"

Bi Mwatum alimtazama sana. "Unaandika ya nini? Kwani mie nshakufa?"

"Ndiyo maana nayaandika, ungali hai."

Akacheka, akampa yote. Siku za bamvua, pale maji yanapokupwa mbali kabisa, kwa tarehe za mwezi mwandamo, mwezi ukiwa mchanga na mwezi ukiwa mpevu, kila siku na saa yake ya kutoka majini, na kila siku ikichelewa kuliko ya jana yake kwa dakika kama arobaini. Mwezi kumi na tano, saa nne na nusu. Kumi na sita, saa tano na dakika kumi. Kumi na saba, saa sita kasoro dakika kumi. Kumi na nane, saa sita na nusu. Zeyana aliandika kila neno, na karatasi ikatoka safi. Yai: Anza. Kisanduku kilichoegemea: Leo mwezi ngapi? Kashata: Ni bamvua? Siyo, kaa nyumbani. Ndiyo, tazama saa yake kwenye orodha, shuka, fanya kazi. Kashata ya pili: Saa imefika? Siyo, endelea na kazi, kisha urudi ujiulize tena. Ndiyo, tokeni majini wote. Yai: Mwisho.

Mwalimu Abdulwahid aliichukua karatasi ile. Akafuata mishale yote kwa kidole. "Kitanzi hiki kina mlango wa kutokea," akasema. "Huyu mtu hawezi kuzunguka milele. Zeyana, hii itundikwe." Ikatiwa plastiki, ikatundikwa kwenye banda la kukaushia mwani kule Matemwe, na pembeni yake kibao cheusi cha kuandikia tarehe kwa chaki.

Ilifanya kazi. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asubuhi Bi Mwatum anasema leo mwezi ngapi, na Rahila, katibu wa kikundi, shoga yake Zeyana tangu utotoni, anaandika kibaoni, anafuata mishale, anavaa saa yake ya mkono, wanashuka. Saa ikifika Rahila anapiga kelele, wanatoka. Hata wale vikongwe wabishi waliikubali. Zeyana akisimuliwa kwa simu, anavimba kwa furaha, na nani angemlaumu?

Katikati ya Ramadhani akamwambia Rahila maneno ambayo mpaka leo anayasikia. "Usimsumbue tena mama kila asubuhi. Tarehe unaijua, andika mwenyewe. Karatasi nimeichora ili isimtegemee mtu mmoja."

"Naam, mwalimu," Rahila akamtania. "Nshakuelewa."

Ikaja Idi, na mwaka huo Idi zilikuwa mbili. Kwetu hili si jipya. Ramadhani tulianza siku moja sote, lakini wanaofuata Makka mwezi wao uliandama mbele, wakasali. Wanaofuata mwandamo wa hapa wakatimiza thelathini, wakasali kesho yake. Nyumba ya mume wa Rahila wanafuata Makka. Asubuhi ya Idi yao Rahila alimpelekea Bi Mwatum sahani ya tambi, akamkuta bado ana saumu, wakacheka mpaka machozi, sahani ikafunikwa kusubiri magharibi. Hakuna aliyegombana. Watu wetu wamekwisha kuzoea kupishana kwa siku moja, kila mmoja akaingia Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, kwa hesabu ya nyumbani kwake. Hapo ndipo palipoharibika, na hakuna aliyejua.

Bamvua la mwanzo wa mwezi liliangukia Idi yenyewe, nani ashuke pwani na nguo mpya? Watu walianza kushuka mwezi ulipokuwa mpevu. Siku ya kwanza, Jumapili, Rahila alipiga simu jioni, anacheka. "Shoga, leo tumetoka maji ya mapaja! Bi Mwatum kaloa mpaka kanga ya juu."

Zeyana akauliza, "Mlifuata karatasi?"

"Mshale kwa mshale."

"Basi upepo huo. Kusi limeanza, linasukuma maji."

Jumatatu simu tena, na mara hii Rahila hakucheka. Maji yalikuwa ya kiuno mkondoni. Mama mmoja kaangusha gunia zima la mwani, limekwenda na maji. "Hebu itazame hiyo karatasi yako, Zeyana. Mie nahisi imekosea."

Akaitazama. Wallahi aliitazama! Alikaa na nakala yake kwenye meza ya shangazi, akapita kila kisanduku, kila kashata, kila mshale. Akazisoma saa moja moja, zote ndizo zile alizoambiwa na mama yake. Alihisi mambo si mazuri, lakini jicho halikuona kosa. Akataka kumpigia mama amwambie kesho asishuke. Kisha akaona haya. Mama yake kashuka bahari ile miaka arobaini, yeye ni nani wa kumkataza? Akampigia Rahila badala yake. "Nimeipitia yote, haina kosa. Mfuate tu karatasi, msibahatishe." Rahila akasema haya, shoga, usiku mwema.

Jumanne darasani Mwalimu alifundisha ingizo. Akachora kisanduku kilichoegemea, akaandika ndani yake: Leo tarehe ngapi? Akawageukia. "Haya, nijibuni."

Mmoja akataja tarehe ya kizungu. Mama mmoja wa mbele akasema, "Kumi na saba, Mfunguo Mosi."

"Kumi na nane!" Nadir akadakia. "Nyie mmechelewa, sie tulisali Idi mbele yenu!"

Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, akapiga ubao kwa chaki. "Mmeona? Swali moja, majibu matatu, na hakuna mwongo hata mmoja. Mashine haijui unahesabu kwa nani. Unalolitia ndilo inalolifanyia kazi. Unaweza kuchora visanduku mia, vyote sawasawa, ukaangamia kwa kile cha kwanza."

Zeyana alikuwa anaandika. Kalamu ikasimama. Aliona sahani ya tambi. Aliona kibao cheusi na mkono wa Rahila wenye chaki. Leo kwa mama yake ni mwezi kumi na saba, na kwa Rahila ni kumi na nane. Karatasi itasema saa sita na nusu, na bahari itarudi saa sita kasoro dakika kumi, kwa sababu bahari haikusali Idi na mtu yeyote. Akatazama saa ya ukutani. Saa tano na nusu.

Aliogopa. Simu ilimwanguka, akaiokota, akampigia Rahila. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Simu za wanawake wale hukaa bandani, ndani ya kikapu, nani aingie nayo baharini? Alijua hilo, na bado alipiga mara sita. Kisha akamkumbuka Ubwa, mtoto wa ami yake, seremala, karakana yake haiko mbali na pwani. Randa ya umeme ilikuwa inanguruma, na Ubwa hakusikia. Mara ya nne akapokea.

"Ubwa, kimbia pwani! Watoe kina mama majini!"

"Nani? Kuna nini?"

"Tarehe si yenyewe! Watatoka wamechelewa! Kimbia, baba, nakuomba!"

Ubwa hakuelewa neno la tarehe, lakini alielewa sauti, akatupa alichoshika akakimbia. Mwalimu Abdulwahid alikuwa keshatoa vespa yake nje. Zeyana akapanda nyuma, hakuaga mtu. Njia nzima ya kaskazini alikuwa akifanya hesabu moja. Kutoka karakana mpaka mchangani, mtu mzima akikimbia, dakika kumi. Na kutoka shambani mpaka mkondoni, mwanamke aliyebeba gunia, ishirini. Aliijumlisha na kuijumlisha, haikupungua.

Haya yaliyotokea pwani alikuja kuyasikia baadaye. Ubwa alifika mchangani pumzi zimemwisha. Aliwaona kule mbali, vichwa na kanga, wameinama. Akaita, na kusi likamrudishia sauti yake mdomoni. Ngalawa zote zilikuwa zimelala juu ya mchanga mkavu, hakuna hata moja ya kusukuma. Akavua shati akalipunga, akaruka, akaingia mpaka ukingo wa mkondo, naye akaona maji yanavyoingia mle, mengi, ya haraka, hayana kelele. Wanawake walimwona. Ndiyo, walimwona! Wakadhani kaja mnunuzi wa mwani anawaita waharakishe. Rahila akatazama saa yake: saa sita na dakika tano. Bado dakika ishirini na tano. Akampungia Ubwa mkono, akainama.

Waliposhituka, walishituka wote pamoja. Magunia wakayaacha, wakashikana mikono, wakakata mkondo maji ya shingo. Ubwa aliwavuta mmoja mmoja mpaka mikono ikafa ganzi. Bi Mwatum alikuwa nyuma kabisa, anawasukuma wenzake kwa migongo. Alikuwa mfupi.

Zeyana alifika saa saba. Walishuka kumi na tisa asubuhi ile, na mchangani walikuwa kumi na wanane, wamekaa chini na nguo zimewaganda mwilini, hakuna anayelia kwa sauti. Alipita uso kwa uso mpaka wa mwisho, kisha akaanza tena upya tangu wa kwanza, kana kwamba kakosea kutazama. Maji yalipopanda vya kutosha ngalawa zikaelea, na kabla ya alasiri Ubwa akamrudisha Bi Mwatum.

Alizikwa jioni ile ile. Watu walikuja wengi, wakasema yanayosemwa, kuwa ni kudra ya Mola, kuwa siku yake ilifika. Hakuna aliyemnyooshea Zeyana kidole. Mwalimu Abdulwahid aliiondoa ile karatasi bandani kimyakimya, akaikunja, akaitia mfukoni. Wengine waliokuja matangani wakamwambia kazi yake ilikuwa nzuri, tarehe tu ndiyo iliyokosewa, na maneno hayo yalimchoma kuliko tusi.

Siku ya tatu, baada ya hitima, Rahila akaingia chumbani kwa Zeyana akakaa kwenye mkeka. Uso umevimba. Zeyana ndiye aliyeanza, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Nambie kitu kimoja. Mama kashuka bahari ile miaka arobaini. Hakujua?"

"Niache, Zeyana."

"Hakujua, Rahila?"

"Nakuomba kwa Mungu, usiniulize."

"Nakuuliza."

Rahila akajifunika uso na ncha ya mtandio. "Alijua," akasema. "Alinyanyuka mapema, Ubwa hajafika bado. Akasimama, akasema maji yamekuwa ya baridi miguuni, yanarudi haya, tutoke. Mie nikatazama saa, nikamwambia, Bi Mwatum, karatasi inasema bado. Jana usiku Zeyana kaipitia yote, kasema haina kosa, tuifuate."

"Akasema nini?"

"Akaniuliza, 'Kaipitia mwenyewe?' Nikamwambia ndiyo, kanipigia simu mwenyewe. Akacheka kidogo, ukajua amefurahi. Akasema, 'Basi bado. Mwanangu kasoma, mie miguu yangu imezeeka.' Kisha akainama, akaendelea kufunga mwani."